Chaja ya mwenzio yaweza kuingia kwa simu yako? Soma lebo kwanza

Hili swali huku Mombasa laulizwa kila nyumba, mgeni amekuja simu imebakisha asilimia mbili, aona chaja ya mwenye nyumba pale ukutani, auliza "hii naweza kuitumia isiniharibie betri?" na jibu analopewa mara nyingi ni la kumtisha tu, ati kila simu na chaja yake, ukichanganya betri yafura. Si kweli jamani. Chaja nyingi za simu za sai zaweza kubadilishana bila neno, ya Samsung kwa Tecno, ya Infinix kwa Redmi, hata ya laptopu ya taip C (kile kichwa kidogo cha USB kinachoingia upande wowote) kwa simu, bora chaja yenyewe iwe nzuri na wewe ujue kusoma yale maandishi yalio mgongoni mwake. Penye hatari ya kweli ni pawili, pini za duara kama za rauta na dikoda, na chaja feki, na hapo ndipo ntakapokaa sana.

Anza hivi. Chukua chaja yoyote ilio karibu nawe, kile kichwa chenyewe si waya, igeuze utafute maandishi. Ni madogo mno, kijivu juu ya nyeupe, jicho haliyaoni, kwa hivyo imulike na tochi kwa ubavu ama ipige picha halafu uivute ikuzike. Utaona mstari wa INPUT na mstari wa OUTPUT. INPUT ni ile stima chaja inayokula ukutani. Sisi Kenya stima yetu ni volti 240, kwa hivyo ikiwa imeandikwa 100-240V uko sawa, na chaja karibu zote za simu zimeandikwa hivyo, hata ile ulioletewa na ndugu yako kutoka Uarabuni ama Marekani. Ukiona imeandikwa 110V ama 120V peke yake, hio usiichomeke hapa kabisa.

OUTPUT ndio penye maneno. Chaja ya kawaida itaandika 5V halafu pembeni 1A ama 2A. Hio V ni volti na A ni ampea. Volti lazima zilingane na zile kifaa chako kinazotaka, lakini ampea zaweza kuzidi bila neno lolote, manake ampea ni kama sinia la pilau lilowekwa mbele ya mtu, likiwa kubwa hakuna anayemlazimisha alimalize, atakula shibe yake ainuke. Simu ndio inachota. Ndani ya simu muna chipu kazi yake ni hio tu, kupima betri imejaa kiasi gani, ina joto kiasi gani, na kuamua ichukue kiasi gani, ndio mana mwanzo chaji yaenda mbio halafu ikifika asilimia themanini na kitu yaanza kujivuta. Kwa hivyo chaja ya wati 65 haisukumi wati 65 ndani ya simu ya wati 10, simu itachukua 10 zake yatosha.

Na ikiwa ampea ni chache? Hapo hakuharibiki kitu ila utangoja. Simu yenye betri ya 5000mAh (hicho ni kipimo cha ukubwa wa betri) ukiiwekea kile kichaja kidogo cha 5V 1A, hesabu masaa matano na zaidi, na ukiwa waitumia huku yachaji waweza kuona asilimia haipandi kabisa. Ukitaka kujua wati zidisha tu volti mara ampea, 5 mara 2 ni 10, 9 mara 2 ni 18, 20 mara 3.25 ni 65.

Sasa watu huona chaja za kisasa zimeandikwa OUTPUT mistari mingi, 5V 3A, halafu 9V 2.22A, halafu 15V, halafu 20V, roho zikaruka, "hizi volti 20 si zitaichoma simu yangu?" Haziichomi. Hio chaja haianzi na 20. Ukichomeka, chaja na simu huulizana kwanza kupitia waya, simu ikisema naweza 9 yapewa 9, isiposema kitu chaja yabaki pale pale kwa 5. Hazipandi mpaka simu iombe. Ndo utaratibu unaoitwa USB Power Delivery, ama PD kwa kifupi, na ndio unaofanya chaja ya laptopu ya taip C iweze kuchaji simu na hata vile viiafoni vidogo bila kuviumiza.

Lakini huo si utaratibu wa pekee, na hapa ndipo watu hulalamika "mbona chaja ya kaka yangu kwake yaenda mbio kwangu yatambaa". Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, wana wao waita Quick Charge, OPPO wana VOOC, kampuni nyingi za simu zina chaji yao ya haraka yenye jina lake, Samsung wao hutumia PD. Chaja na simu zisipoelewana zote mbili hurudi kwenye ile volti 5 ya kawaida. Kwa hivyo ukitumia chaja ya OPPO kwa Samsung simu itachaji, itachaji salama, ila pole pole. Kuchelewa si kuharibika, watu huchanganya hayo mawili.

Na msidhani huku kubadilishana ni ujanja wa watu wasiotaka kununua. Watengenezaji wenyewe wameshakubali. iPhone 12 ya mwaka 2020 ilitoka bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, Samsung nao wakafuata na S21 mwaka 2021, sasa wewe wategemewa utumie chaja ilioko nyumbani. Halafu Umoja wa Ulaya wakatunga sheria, kuanzia tarehe 28 Disemba 2024 simu, tableti, kamera na iafoni mpya zinazouzwa kwao na kuchajiwa kwa waya ziwe na taip C, na laptopu zikafuata 2026. iPhone iliokuwa na tundu lake peke yake liitwalo Lightning tangu iPhone 5 ya 2012 ikahamia taip C na iPhone 15 mwaka 2023. Yani dunia nzima yaelekea kwa chaja moja nyumba nzima.

Tuje kwa kebo, manake watu husahau kebo nayo ni nusu ya chaja. Kebo ya kawaida ya taip C hadi taip C hubeba ampea 3, ukitaka 5 lazima iwe na kichipu ndani ya kichwa chake, bila hicho chaja yenyewe hukataa kupita hapo. Simu zenye chaji yao maalum kama VOOC nazo hutaka kebo yao ndo ziende mbio. Na kebo mbaya yaweza kuua kifaa kizima, hili si la kutishana. Kuna mhandisi wa Google, Benson Leung, mwaka 2015 alianza kununua kebo za taip C mtandaoni na kuzipima moja moja, mapema 2016 akapata moja ilikuwa imeunganishwa waya kinyume ndani, ikamharibia laptopu yake na vifaa vyake vya kupimia. Kebo tu hio. Kwa hivyo ile kebo imekatika shingo ukaifunga solotepu na ukiishika karibu na kichwa waskia moto, usiipe nafasi ya pili.

Kitu kingine kidogo lakini chasumbua watu sana, una iafoni za bluutuuth, ama tochi, ama spika ndogo ya bei rahisi yenye tundu la taip C, waichomeka kwa kebo ya taip C pande zote mbili na chaja nzuri kabisa, haichaji. Wadhani imekufa. Haijafa, ni vile vitu vya rahisi mara nyingi watengenezaji wake hubana, huacha kuweka visehemu viwili vidogo vinavyoiambia chaja "mimi hapa nataka stima", chaja haioni mtu basi haitoi. Chukua kebo ya zamani yenye kile kichwa kipana cha USB upande mmoja na taip C upande wa pili, utaiona yawaka papo hapo.

Haya, sasa pini za duara, na hapa nawaomba msome pole pole. Rauta ya intaneti, dikoda, redio, taa ya kuchaji, feni ya kuchaji, mashine ya kunyoa, taa ya sola, vyote hivi hupenda pini ile nyeusi ya duara, na shida ni kuwa pini zafanana umbo lakini volti si moja. Moja ni 5V, nyingine 9V, nyingine 12V, na zote zaingia kwenye tundu moja bila kukataa. Pini ya duara haiulizi kitu. Hakuna kusemezana kama kwenye taip C, ukichomeka tu stima yapita yote kama ilivyo. Ukichukua adapta ya dikoda ya 12V ukaitia kwa taa ya mtoto ya kusomea inayotaka 5V, utaskia harufu kabla hujageuka.

Kwa hivyo kwa pini za duara angalia vitu vitatu na vyote vikubali. Volti ziwe sawa sawa, si karibu, sawa. Ampea za adapta ziwe sawa ama zaidi ya zile kifaa kinataka. Halafu kuna mchoro mdogo wa viduara na alama ya kujumlisha na ya kutoa, huo waonyesha katikati ya pini ni chanya au hasi, ulinganishe wa adapta na wa kifaa, manake zikiwa kinyume volti kulingana hakutakuokoa. Kifaa chenyewe huandikwa chini ama nyuma, karibu na tundu. Usipoyaona maandishi, usichomeke. Laptopu za pini ya duara ni hivyo hivyo, moja 19V nyingine 19.5V nyingine 20V, na pini zatofautiana unene kidogo tu, hizo nunua kwa kulinganisha na lebo ya chaja yake ya kwanza, usiende kwa kubahatisha "hii yaingia".

Na kuna zile kebo zimekuja juzi juzi, upande mmoja USB upande mmoja pini ya duara, watu huzitumia stima ikipotea, wachomeka kwa pawabenki na rauta yaendelea kuwaka. Kitu kizuri sana, lakini tizama kichwa chake. Nyingine zapitisha 5V tu, nyingine zina kisanduku kidogo cha kupandisha mpaka 9V ama 12V. Hio ya 12V ukaja ukaichukua usiku gizani ukaitia kwa feni ya 5V, feni kwisha. Mimi ningekwambia siku ukinunua, siku hio hio chukua kalamu ya maka na kipande cha solotepu ya karatasi, andika "12V RAUTA" uibandike shingoni. Fanya hivyo kwa kila adapta ya duara ilio nyumbani, ni kazi ya jioni moja.

Simu za kabambe za Nokia za pini nyembamba, hizo hazina shida hio, chaja ya pini nyembamba ya Nokia kwa Nokia ya pini nyembamba haina neno.

Sasa feki. Hapa ndipo simu zaharibikia na nyumba zaungulia, halafu lawama yaenda kwa "alitumia chaja si yake". Chaja ndani ina pande mbili, upande wa volti 240 za ukutani na upande wa volti 5 za simu, na kati yao hakufai kuwa na waya hata mmoja wa kuunganisha moja kwa moja, stima yavushwa kwa transfoma ndogo, na baina ya pande hizo lazima kuwe na nafasi ya kutosha na insulesheni nzuri. Chaja feki hapo ndipo hubana pesa. Nafasi yawa nyembamba, waya wa transfoma wafunikwa na kitu hafifu, na siku ile pakipasuka, zile 240 zaja mpaka kwa simu, na simu iko mkononi ama sikioni. Ndo mana nasema bora uazime chaja nzuri ya simu nyingine kuliko kununua mbovu ilioandikwa jina la simu yako.

Utaijuaje? Ishike, nyingi ni nyepesi mno kama hakuna kitu ndani. Pini zake hazikai imara ukutani, zalegea. Maandishi ukiyasugua na kidole yatoka, ama herufi zimekosewa. Yajigamba ampea nyingi kwa bei ambayo hata kebo huipati. Itafutie alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ingawa kibandiko nacho chaweza kuigwa kwa hivyo kisiwe ndio ushahidi wako wa pekee. Kisha iskize, ikilia zzzz si nzuri. Na kuna ishara moja wengi hawaijui, ukichomeka simu kisha skrini yaanza kujibonyeza yenyewe, waandika A yatoka S, ukigusa huku yafunguka kule, ukichomoa yatulia, hio mara nyingi si skrini, ni chaja yatoa stima chafu. Itoe. Vile vile simu ya bati ikikuwasha wasi mdogo vidoleni ukiwa pekupeku, kidogo sana hutokea hata kwa chaja nzuri, lakini ikikupiga ukaruka, hio chaja usimwachie mtoto, itupe.

Ukinunua Mwembe Tayari ama Digo Road ama popote, usikubali kujaribishiwa sekunde mbili ukaambiwa "ona imeshika". Omba iwekwe kwa simu yako dakika kumi huku mwapiga soga, halafu ikamate kichwa. Vuguvugu ni kawaida, hasa chaji ya haraka. Ikiwa hushikiki, mrudishie.

Na nduzangu, ile tabia ya kalamu. Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza, matundu mawili ya chini yamefungwa na vile vikofia mpaka pini ya juu iingie ndo vifunguke. Mtu ana chaja ya pini mbili, achukua kalamu ya biro ama kijiti asukuma tundu la juu, aingiza pini zake kwa nguvu. Zaingia, ndio, lakini hizo pini zake mbili ndani ya tundu lisilo lake hazikamati vizuri, cheche zaruka ndani, soketi yaanza kuwa nyeusi, na hata fyuzi ya plagi hakuna. Na ubaya zaidi mtoto yuatizama, kesho atasukuma na msumari. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, mkono wako uondoke kwa hilo tundu.

Mengine ya kwetu huku. Joto la kaskazi si mchezo, betri za lithiamu hazifai kuchajiwa zikipita kama digrii 45, kwa hivyo usichaji chini ya mto, ndani ya chandarua kitandani, wala mbele ya tuktuk juani, na simu ikijikatia chaji yenyewe kwa joto iache ipoe usiitie kwa friji. Stima ikipotea chomoa chaja zote, irudi itulie kwanza, manake yaweza kurudi na kishindo. Maji na chumvi, simu ikirowa tundu ama ikitoka ufuoni, usichomeke mpaka ikauke, stima juu ya pini zenye maji ya chumvi zala kutu upesi sana, na usiizike kwa mchele, Apple wenyewe waliwakataza watu mwaka 2024 sababu vipande vyaingia ndani. Iinamishe tundu liangalie chini, iache penye upepo. Betri ikiwa imefura, acha kuchaji kabisa na chaja yoyote, usiitoboe usiikandamize, ipeleke kwa fundi.

Na ikitokea chaja yatoa moshi, zima swichi ya ukutani ama ile kubwa kwanza kabla hujaigusa, usimwage maji.

Mwisho kuna faida moja ya kubadilishana chaja watu hawaifikirii. Simu ikikataa kuchaji usikimbilie kwa fundi kuambiwa sistimu ya chaji imekufa. Badilisha kimoja kimoja. Kebo nyingine kwanza na kichwa kile kile, halafu kichwa kingine cha jirani ambacho wajua chafanya kazi, halafu soketi nyingine. Vyote vikikataa zima simu, mulika ndani ya tundu, mara nyingi muna vumbi la mfukoni na mchanga umeshindiliwa mpaka kebo haifiki mwisho, utoe pole pole na kijiti cha meno cha mti, si pini wala sindano. Ukitoka hapo bado, sasa nenda kwa fundi, na umwambie umeshajaribu chaja gani na gani, ili asianze kukuuzia kitu usichokihitaji.